Kutoka Mwangwi Hadi Namba ya Ramani: Somo la Vina vya Bahari kwa Kidato cha Tatu

Katika kufundisha vipimo, walimu wengi wa hesabu na jiografia huishia pale mwanafunzi anapopata jibu. Mwanafunzi hupima, hujumlisha, hugawanya, kisha huandika namba na kuipigia mstari. Ni mara chache sana anapoulizwa: namba hii itatumiwa na nani, na ikikosewa nani ataumia? Makala haya yanaeleza somo moja ambalo haliwezi kufundishwa bila swali hilo. Ni somo la jinsi kipimo cha kina kilichopatikana kwa sona kinavyosahihishwa, kinavyochujwa na kuchaguliwa mpaka kikawa namba katika ramani ya mabaharia.

Somo lenyewe linafaa kwa vipindi viwili vinavyofuatana, vya dakika 40 kila kimoja. Halihitaji bahari wala mashine. Mwanafunzi wa Dodoma aweza kulifuata sawasawa na mwenzake wa Tanga au Lamu.

1. MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa somo mwanafunzi awe anaweza:
(a) kueleza jinsi kina kinavyopatikana kutokana na muda wa mwangwi;
(b) kusahihisha kipimo ghafi mpaka kiwe kina kutoka usawa wa rejea;
(c) kutofautisha kupima mahali pamoja mara nyingi na kupima mahali pengi mara moja;
(d) kuchagua, katika vipimo vingi, kile kinachostahili kuandikwa katika ramani, na kutetea uchaguzi wake.

Lengo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Matatu ya kwanza ni njia ya kulifikia.

2. MAARIFA ANAYOHITAJI MWALIMU

(a) Bildi na mwangwi

Kwa karne nyingi kina kilipimwa kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye alama za pima. Baharia alikitupa mbele ya chombo, akasubiri kiguse chini, akasoma alama. Chini ya bildi palikuwa na kishimo kilichopakwa mafuta ya mnyama, nayo mafuta yaliinua mchanga au tope ili nahodha ajue aina ya sakafu. Kwa njia hiyo Kapteni William Owen wa Uingereza na mabaharia wake, katika merikebu za Leven na Barracouta, walipima sehemu kubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1822 na 1826. Wengi wao walikufa kwa homa kabla ya kazi kwisha.

Mwalimu awaonyeshe wanafunzi udhaifu wa bildi. Bildi huarifu mahali ilipoangukia tu. Mwamba ulio hatua tano kando ya kamba hauandikwi popote, na katika ramani sehemu hiyo huonekana kama maji salama.

Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, wavumbuzi wa nchi kadhaa walishughulikia njia ya kugundua vitu majini kwa sauti. Kati ya mwaka 1925 na 1927 meli ya Kijerumani iitwayo Meteor ilipima vina vya Atlantiki ya Kusini kwa mwangwi, mfululizo, bila kusimama. Msingi wa njia hii ni rahisi. Chombo hupeleka mlio kuelekea chini, mlio hugonga sakafu, mwangwi hurudi. Mwendo wa sauti ukizidishwa kwa muda, na jibu likagawanywa kwa mbili, hupatikana kina. Kugawanya kwa mbili ndiko wanafunzi wanakokusahau mno, kwa kuwa hawakumbuki kwamba sauti imekwenda na kurudi.

Siku hizi sona ya miale mingi hutandaza milio kama upepeo, na kwa kila mlio mmoja hupata vina mamia kutoka upande mmoja wa mashua hadi wa pili. Kazi ya siku moja huweza kuleta vipimo mamilioni. Taabu ya Owen ilikuwa uchache wa vipimo. Taabu ya mpima bahari wa leo ni wingi wake.

(b) Masahihisho

Namba inayoonyeshwa na sona si kina cha ramani. Hapana budi ipitie hatua zifuatazo.

Kwanza, mwendo wa sauti. Mashine nyingi za kawaida huchukulia kwamba sauti husafiri meta 1500 kwa sekunde. Lakini mwendo huo hubadilika kwa joto, chumvi na kina. Katika maji ya bahari yenye joto la digrii 28 za Selsiasi, sauti husafiri karibu meta 1541 kwa sekunde. Katika maji ya bahari yaliyo baridi kama digrii sifuri, karibu meta 1449 tu. Kwa hiyo mashine iliyopangiwa 1500 husema kina ni kifupi kuliko kilivyo katika bahari yetu yenye joto, na husema ni kirefu kuliko kilivyo katika bahari baridi. Kosa la kwanza humchelewesha nahodha. La pili laweza kumpandisha mwambani. Ili kuhakikisha, wapimaji huteremsha kifaa cha kupimia mwendo wa sauti majini, au katika maji mafupi hushusha bamba la chuma chini ya sona hadi kina kinachojulikana na kulinganisha.

Pili, kimo cha kichwa cha sona. Kichwa hicho kimefungwa chini ya usawa wa maji, nacho hupima kutoka pale kilipo. Umbali kati ya uso wa maji na kichwa lazima uongezwe.

Tatu, mwendo wa mashua yenyewe. Mashua hupanda na kushuka juu ya mawimbi, hulala upande, huinua omo na tezi. Vyombo maalumu huandika miendo hiyo ili iondolewe katika vipimo.

Nne, maji kujaa na kupwa. Hili ndilo sahihisho kubwa kuliko yote katika pwani yetu. Katika bandari kama Mombasa na Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi meta 3. Wakati wa maji mafu huwa kama meta 1. Mahali pamoja, siku moja, kina kinaweza kupimwa mara mbili na kutoa majibu yanayotofautiana kwa urefu wa dari ya darasa. Wala hakuna aliyekosea.

(c) Usawa wa rejea

Kwa sababu uso wa bahari hautulii, vina vyote hurudishwa kwenye usawa mmoja uliokubaliwa. Usawa huo huitwa usawa wa rejea. Katika ramani nyingi za mabaharia, zikiwemo zile za Uingereza zinazotumika sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, usawa huo ni karibu na kiwango cha chini kabisa ambacho maji yanatarajiwa kupwa kwa nguvu za mwezi na jua. Maana yake ni kwamba namba ya ramani humwambia nahodha: haya ndiyo maji utakayoyakuta hata siku mbaya; yakiwa mengi zaidi, hiyo ni faida yako. Sehemu zinazoachwa wazi maji yanapokupwa, kama vile mafungu na vipwa, huandikwa kwa namba iliyopigiwa mstari chini, kuonyesha urefu wake juu ya usawa wa rejea.

Walimu wa shule zilizo kando ya Ziwa Viktoria wataulizwa: ziwa halijai na kupwa, kwa nini lihitaji usawa wa rejea? Jibu ni kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa hilo lilipanda kwa zaidi ya meta 2, na magati mengi yalifunikwa. Kinachopanda katika miaka chaweza kushuka katika miaka. Ramani isiyosema kina kimehesabiwa kutoka usawa gani ni sawa na barua isiyo na tarehe.

(d) Mfano wa hesabu

Sona iliyopangiwa meta 1500 kwa sekunde inaonyesha meta 9.0 chini ya kichwa chake. Sauti katika maji yale husafiri meta 1541 kwa sekunde. Kichwa kiko meta 0.6 chini ya uso wa maji. Saa ile nguzo ya kupimia maji ilionyesha meta 2.7 juu ya usawa wa rejea.

Sahihisho la mwendo wa sauti: 9.0 × 1541 ÷ 1500 = 9.25.
Kuongeza kimo cha kichwa: 9.25 + 0.6 = 9.85.
Kutoa maji yaliyojaa: 9.85 − 2.7 = 7.15.
Namba ya ramani: 7.1.

Mwalimu asimame hapa. Wanafunzi wataandika 7.2, kwa kuwa wamefundishwa kwamba tano hupanda. Katika kazi hii sehemu inayobaki huachwa, ili ramani isiahidi maji yasiyokuwepo. Baadaye mwalimu aulize: kama mpima angesahau kutoa maji yaliyojaa, angeandika ngapi? Angeandika 9.8. Sasa meli yenye uzamo wa meta 8.5, yaani inayohitaji meta 8.5 kutoka uso wa maji hadi chini ya mkuku wake, inafika maji yakiwa meta 0.3 tu juu ya usawa wa rejea. Ramani inamwahidi nahodha zaidi ya meta 10. Kilichopo ni meta 7.45. Mwanafunzi akishaona hesabu hii hatauliza tena kwa nini tunatoa.

3. VIFAA

Kwa kila kundi la wanafunzi wanane:
sanduku la mbao lenye umbo la mstatili, kimo chake sentimeta 20, lililotandikwa nailoni;
udongo wa mfinyanzi na mawe ya kutengenezea sakafu;
kifuniko cha karatasi ngumu chenye matundu 48, safu 6 za matundu 8;
spoki ya baiskeli iliyotiwa alama za sentimeta na nusu sentimeta;
rula iliyosimamishwa ndani ya kona ya sanduku;
kipande cha sponji kilichofungwa uzi mrefu;
kibao kilichopigiliwa msumari chini, kiwe ndiyo meli.

Sentimeta moja iwe badala ya meta moja. Mwalimu atengeneze sakafu wanafunzi wasipokuwepo. Aweke milango miwili ya kupitia kati ya vilima vya udongo, kila mmoja wenye kina cha sentimeta 7 hivi kutoka alama nyekundu ya usawa wa rejea. Katika mlango wa kwanza asimamishe jiwe moja lenye ncha, chini ya tundu moja tu. Katika mlango wa pili aelekeze sponji katikati ya maji, chini ya tundu moja pia, na uzi wake autoe nje ya sanduku. Jiwe ni mwamba. Sponji ni kundi la samaki, maana sona hupata mwangwi kutoka kwa samaki na mapovu vilevile. Kisha afunike.

4. HATUA ZA SOMO

Hatua ya kwanza: kupima (dakika 25). Mwanafunzi mmoja atumbukize spoki katika kila tundu na kusoma kina. Wa pili aandike. Wa tatu amimine kikombe cha maji kila baada ya dakika mbili, bila kuwaambia wenzake sababu. Wa nne asome rula kila maji yanapomiminwa na kuandika saa. Wengine wabadilishane nao. Katikati ya kazi wataanza kulalamika kwamba matundu ya jirani hayapatani. Mwalimu asijibu upesi. Aache walalamike mpaka mmoja wao atazame rula.

Hatua ya pili: kurudisha vina kwenye usawa wa rejea (dakika 15). Kwa kila tundu watoe kimo cha maji cha wakati ule. Kwa mfano, spoki sentimeta 9.5, maji sentimeta 2.5 juu ya alama nyekundu, kina ni 7.0. Mara vipimo vilivyokuwa vikigombana vitapatana. Hapo ndipo furaha ya somo huanza, nayo haipaswi kuharakishwa.

Hatua ya tatu: kuchagua (dakika 15). Mwalimu awape karatasi yenye vyumba 12 na kuwaambia kwamba ramani ina nafasi ya namba 12 tu. Kila chumba kina matundu manne. Kila kundi liamue lenyewe litaandika namba gani, na liandike sababu yake. Mwalimu asitoe kanuni yoyote.

Hatua ya nne: safari (dakika 10). Maji yateremshwe hadi alama nyekundu. Kila kundi lichore njia ya meli yenye uzamo wa sentimeta 5 katika ramani yake, kisha kibao kivutwe kwa uzi kufuata njia hiyo. Mwalimu avute uzi wa sponji taratibu kabla ya safari, maana samaki hawakai mahali pamoja.

Hatua ya tano: mazungumzo (dakika 15).

5. YALIYOTOKEA DARASANI

Mwaka wa kwanza nilifundisha mada hii kwa ubao na chaki. Niliandika kanuni, nikatoa mazoezi kumi, na karibu wote walipata yote. Nilipowauliza namba gani ingefaa kuandikwa badala ya vipimo vinne vya jirani, karibu darasa zima lilijibu kwa sauti moja: wastani. Walikuwa wamejifunza hesabu, hawakuwa wamejifunza kazi. Ndipo nikatengeneza sanduku.

Katika darasa la sanduku yalikuwapo makundi matatu, na kila moja lilinifundisha jambo.

Kundi la kwanza lilichukua wastani. Katika chumba chenye jiwe vipimo vyao vilikuwa 7.4, 7.1, 3.2 na 7.5. Jumla 25.2, wastani 6.3. Meli yenye uzamo wa 5 ilionekana ina nafasi ya kutosha. Ilipanda mwamba. Msichana mmoja aliikagua kazi yao tena mstari kwa mstari, kisha akasema, “Mwalimu, hesabu yetu haina kosa.” Nikamwambia, “Kweli haina. Sasa nionyesheni mahali penye kina cha 6.3.” Walitafuta katika matundu yote manne. Hapakuwa nacho. Walikuwa wameandika sakafu ambayo haikuwahi kuwepo.

Kundi la pili liliona kwamba 3.2 hailingani na wenzake, na kwamba katika mlango wa pili palikuwa na 2.5 kati ya 7.0, 6.8 na 7.2. Wakasema spoki ilikwama, wakazifuta zote mbili. Ramani yao ilikuwa nadhifu kuliko zote. Walichagua mlango wa kwanza, na meli yao ikapanda mwamba uleule.

Kundi la tatu lilichukua kina kifupi kuliko vyote katika kila chumba. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi, alikuwa amewaambia, “Nyumbani kwetu mwamba mmoja unatosha kupavunjia jina.” Meli yao haikugonga kitu. Lakini haikwenda popote pia, maana ramani yao ilifunga milango yote miwili. Wenzao waliwacheka. Nikawauliza: katika ramani tatu hizi, ni ipi ambayo mngeisafiria pamoja na wadogo zenu? Kicheko kilikwisha.

Kisha niliuliza swali la pili: je, inatosha kufunga njia? Bandari isiyopitika ni hasara. Meli hupakia shehena pungufu, au husubiri bamvua nje, na gharama hizo humfikia mnunuzi wa sukari na mafuta ya taa. Kijana mmoja wa kundi la tatu akajibu, “Turudi tukapime tena pale penye mashaka.” Walirudi. Katika mlango wa kwanza spoki iligonga tena 3.2, na walipoichezesha kando waligundua ncha yenyewe iko 2.9. Katika mlango wa pili hawakugonga kitu mpaka 6.9. Mlango wa pili ukafunguliwa, na meli ikapita.

Jibu la kijana yule ndilo utaratibu wa wapimaji wenyewe. Kipimo kifupi kisichopatana na wenzake hakifutwi kwa sababu kinaudhi macho. Hubaki mpaka uchunguzi mwingine uthibitishe kwamba hapana kitu. Programu za kisasa husaidia kupambanua mamilioni ya vipimo na kuonyesha mahali vinapopingana, lakini uamuzi kuhusu mwamba mmoja hubaki mikononi mwa mtu anayeweka sahihi yake.

6. TAHADHARI KWA MWALIMU

Mwalimu asiondoke akiwa amewafundisha wanafunzi kuudharau wastani. Tukipima mahali pamoja mara kumi, wastani hupunguza makosa madogo ya mkono na ya chombo, na kuutumia ni halali. Tukipima mahali pengi mara moja moja, tofauti tunazoziona si makosa. Ndiyo sura ya sakafu. Kuzichukulia wastani ni kuifuta sura hiyo. Tofauti hii haina budi kuandikwa ubaoni na kunakiliwa.

Vilevile mwanafunzi asidhani kwamba kipimo kikishasahihishwa hakina shaka tena. Shirika la Kimataifa la Hidrografia, ambalo makao yake yako Monaco na lilianza kazi mwaka 1921, limeweka viwango vya shaka inayovumilika. Kanuni yake huchukua kipeo cha pili cha namba mbili: moja isiyobadilika, na nyingine inayokua pamoja na kina. Kwa upimaji wa kawaida wa maji mafupi namba hizo ni meta 0.5, na 0.013 mara kina. Katika kina cha meta 10 hupatikana kipeuo cha pili cha 0.25 kujumlisha 0.0169, ambacho ni karibu meta 0.52. Kwa sehemu ambazo meli hupita karibu mno na sakafu, namba ni meta 0.25 na 0.0075, na shaka inayovumilika katika kina hichohicho ni karibu meta 0.26. Ni zoezi zuri la vipeo kwa wanafunzi walio mbele.

Mwisho, namba haisemi umri wake. Tarehe 7 Agosti 1992 meli kubwa ya abiria iitwayo Queen Elizabeth 2 ilikuwa ikipita karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ramani ilionyesha kina cha futi 39. Uzamo wa meli ulikuwa futi 32 na kidogo. Meli ilikwenda kwa kasi ya kama kilometa 45 kwa saa, na meli iendayo kasi katika maji mafupi hudidimia zaidi ya inaposimama. Ikagonga miamba isiyokuwamo katika ramani. Hakuna aliyekufa, lakini sakafu ya meli ilichanika vibaya. Vina vya sehemu ile vilikuwa vimepimwa mwaka 1939. Mwalimu awasomee wanafunzi kisa hiki, kisha awaulize: ni nani aliyekosea? Watataja nahodha, mpima, mchapaji. Wapewe nafasi ya kubishana. Jambo la kulishika ni kwamba kipimo hakikusema uongo. Kilisema kilichopimwa, na mwamba haukupimwa.

7. MASWALI YA TATHMINI

(1) Sona iliyopangiwa meta 1500 kwa sekunde inaonyesha meta 12.0. Sauti inasafiri meta 1530 kwa sekunde, kichwa kiko meta 0.8 chini ya uso, na maji ni meta 1.9 juu ya usawa wa rejea. Tafuta namba ya ramani. (Jibu: 12.24 + 0.8 − 1.9 = 11.14, iandikwe 11.1.)

(2) Vipimo vinne vya jirani, vilivyokwisha kusahihishwa, ni 8.3, 8.1, 5.9 na 8.4. Nafasi ni ya namba moja. Andika namba hiyo, na ueleze utafanya nini kabla ya kuikabidhi ramani.

(3) Mwenzako amepima tundu moja mara tano na kupata 6.5, 6.5, 7.0, 6.5 na 6.5. Je, ni halali kuchukua wastani? Eleza.

(4) Taja kosa moja la kipimo ambalo humfanya nahodha achelewe tu, na moja ambalo laweza kumzamisha.

Katika kusahihisha swali la pili, mwalimu asitoe alama zote kwa anayeandika 5.9 peke yake. Alama za juu ni za yule anayeongeza kwamba atarudi kupima tena.

8. HITIMISHO

Somo hili lina faida nje ya bahari. Mwuguzi anayepima dawa, fundi anayepima nguzo za daraja na karani anayehesabu chakula cha akiba wote huandika namba ambazo wengine watazitegemea bila kuwaona walioziandika. Katika kazi hizo makosa hayalingani uzito: upande mmoja ni hasara, upande wa pili ni msiba. Mwanafunzi aliyeona kibao chake kikipanda jiwe kwa sababu ya wastani wake mwenyewe hahitaji kuhubiriwa jambo hilo.

Wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha wanaombwa walijaribu sanduku hili, walibadilishe kwa vifaa walivyo navyo, na wahakikishe jambo moja tu halibadiliki: mwalimu asiwaonyeshe wanafunzi sakafu kabla ya safari. Nahodha naye haioni.